Rangi za Jutrzenka

Leokadia Stróżyk aliingia kazini Jutrzenka akiwa na miaka kumi na tisa, mwaka uleule duka lilipofunguliwa, na hakuwahi kufanya kazi mahali pengine. Alianza kwenye kaunta ya maziwa, akahamishiwa mkate, akakabidhiwa funguo za ghala, na mwishowe akawa meneja. Mtaani kwetu hakuna aliyemwita kwa jina la ukoo. Kwa kila mtu alikuwa Bi Meneja, hata kwa padri, hata kwa marehemu mumewe Zenon, ambaye kila alipotaka kumchokoza jikoni alimwuliza, "Bi Meneja, supu leo inatolewa kwa foleni au kila mtu anajihudumia?"

Jutrzenka lilikuwa duka la ushirika, supamaketi ya kwanza mjini kwetu, iliyojengwa karibu na mto kwa ajili ya familia za wafanyakazi wa kiwanda cha saruji. Ndani kulikuwa na sakafu ya terazo, taa za mviringo zilizoning'inia kwa safu, na juu ya kila kaunta neno moja la mbao lililochongwa kwa mwandiko wa kuinama: Mkate, Maziwa, Nyama, Samaki, Mboga. Juu ya kila neno, kwenye ukuta wenyewe, kulikuwa na picha. Msichana aliyejifunga kitambaa kichwani amekumbatia mikate mirefu kama mtu aliyebeba kuni. Ng'ombe anayewatazama wateja kana kwamba wao ndio wanaouzwa. Mwenye bucha kanyanyua paja la nguruwe begani. Wavuvi wawili na wavu. Bibi kizee amekaa katikati ya makabichi na anacheka peke yake.

Picha hizo zilichorwa na kijana aliyeitwa Teofil, mwanafunzi wa sanaa kutoka Wrocław, kiangazi kile cha kabla ya ufunguzi. Rangi nzuri aliyoahidiwa haikufika. Akachemsha gundi kwenye sufuria ya wafanyakazi, akachanganya humo rangi za unga, akapaka. Leokadia, wakati huo msichana wa kaunta ya maziwa, ndiye aliyemshikia ngazi, na siku ya kuondoka kijana alimwambia jambo moja tu: maji yasifike hapo juu, kwa sababu rangi ya gundi ikilowa inaondoka. Vumbi lipanguswe kwa kitu chepesi.

Leokadia alikwenda kwa mama yake kijijini akarudi na bawa la bata bukini, kama lile ambalo wanawake wa kule hufagilia unga mezani. Tangu hapo, mara moja kwa mwezi, baada ya kufunga, alipanda ngazi na kupangusa picha zote tano. Bawa likichakaa, alileta jingine.

"Shuka basi, Bi Meneja!" Wiesława wa kaunta ya nyama alikuwa akimpigia kelele huku akivua aproni. "Mumeo wa ukutani hatakimbia, hana miguu!"

"Mume gani? Yule kijana alikula maandazi yetu kiangazi kizima, na soksi zake zilinuka mpaka jibini likaona aibu."

"Ndiyo mapenzi hayo, kuvumilia soksi."

"Nenda nyumbani, Wiesława. Watoto wako wanakula sabuni."

Walicheka, wakaenda, na yeye akabaki juu peke yake. Hakumruhusu mtu mwingine kupanda. Irmina, mwanamke mpole wa kwenye mashine ya malipo, alijitolea mara moja kumsaidia, akajibiwa akae na mashine yake. Tuliona ni tabia ya meneja tu. Kila meneja niliyewahi kumjua alikuwa na kabati moja ambalo hakutaka liguswe, na la Leokadia lilikuwa ukuta.

Ukuta huo ulipitia mengi. Ulipitia miaka ile ambayo rafu zilibeba chai na siki tu, na watu waliosimama foleni tangu alfajiri waliinua macho kwa mwenye bucha wa rangi wakisema, "Bi Meneja, tupimie nusu kilo ya hilo paja la juu." Ulipitia pia miaka ya mabadiliko baada ya ukomunisti kuanguka, pale ushirika ulipowatuma mafundi kuufunika kwa mbao nyeupe za plastiki ili duka lifanane na maduka ya Ujerumani. Leokadia aliwapikia mafundi vipande vya nyama vya kukaanga na viazi vyenye bizari, akawaambia kwa huzuni kwamba ukuta una unyevu na gundi yao haitashika. Walikula, wakagonga ukuta kwa vidole, wakakubaliana naye, wakaondoka. Halafu yakaja mafuriko makubwa, yale ambayo kila mtu wa mkoa wetu wa Opole anayahesabu kama watu wengine wanavyohesabu vita. Mto uliingia Jutrzenka kwa mlango wa nyuma, ukapanda mpaka usawa wa kaunta, ukasimama. Maji yalipotoka yaliacha matope, samaki waliooza na friji zilizopinduka. Picha zilikuwa juu ya alama ya maji, kavu. Siku ile nilimwona Leokadia akiwa amevaa buti za mpira za Zenon, amesimama kwenye matope yaliyomfika magotini, ameinua uso kwa yule bibi wa makabichi, naye anacheka.

Majira ya baridi yaliyofuata, ushirika ulitangaza kuwa hauna uwezo wa kulitengeneza duka. Kampuni moja kubwa ya maduka ilitaka kulinunua. Ingelipia kila kitu, ingewabakisha wafanyakazi, na ingebadilisha ndani yote iwe kama maduka yake mengine.

Jioni moja Leokadia alibisha mlangoni kwangu. Tuliishi jengo moja, yeye ghorofa ya pili, mimi ya tatu, na mimi nilikuwa mwalimu wa historia katika shule ya sekondari. Alikuja na mtungi wa matango ya chumvi, kwa hiyo nilijua kuna jambo.

"Wewe umesoma," alisema. "Kanisa letu, ni nani anayezuia lisibomolewe?"

"Liko kwenye orodha ya majengo yanayolindwa. Ofisi ya hifadhi, Opole."

"Basi waandikie waiweke na kaunta ya nyama."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alikaa akanitazama mpaka kicheko changu kikaisha chenyewe, ndipo nikachukua kalamu.

Siku zile hakuna aliyedhani kuwa kitu cha enzi zile za ukomunisti kinastahili kulindwa. Watu walikuwa wanabandua kila kilichowakumbusha foleni. Nilijaza fomu za maombi, nikapiga picha kwa filamu ya nyeusi na nyeupe kwa sababu ndiyo ofisi iliyoitaka, nikatuma bila matumaini. Lakini ofisini kulikuwa na mkaguzi mmoja kijana, Bwana Olgierd, na yeye hakucheka. Alinipigia simu shuleni.

"Hakuna aliyegusa rangi? Hakuna aliyezirudia kwa brashi?" aliuliza. "Duka lenye ukuta mzima wa wakati ule, kama ulivyotoka mkononi mwa mchoraji, sijui lingine katika mkoa huu. Kama ni kweli, nina cha kupigania. Likiingia kwenye orodha, mnunuzi hawezi kugusa hata msumari. Nakuja Jumatano ya Juma Kuu."

Nilipomfikishia Leokadia maneno hayo alisimama, akapanga viti vyangu ambavyo tayari vilikuwa vimepangika, akaenda zake.

Siku chache kabla ya Jumapili ya Matawi dada yake wa Kłodzko alianguka kwenye ngazi akavunjika nyonga. Leokadia alipata habari dukani, akavaa koti juu ya aproni. Basi lilikuwa linaondoka. Irmina ndiye aliyenisimulia jinsi alivyosimama mlangoni, mkoba begani, akigawa kazi: mayai yakija yahesabiwe palepale, soseji nyeupe za Pasaka zisiuzwe zote Jumamosi, maua ya karatasi yatolewe kwenye dirisha.

"Na Jumatano anakuja mgeni," alisema. "Kila kitu king'ae. Nisiaibike."

"Kitang'aa, Bi Meneja," Wiesława alimjibu. "Utahitaji miwani ya jua."

Asiyekulia kwetu ataona kuna uzembe katika yaliyofuata. Hapakuwa na uzembe wowote. Kwetu, wiki ile kabla ya Pasaka, mwanamke ambaye hajaosha madirisha huona aibu kuchungulia kupitia hayo madirisha. Mapazia yanashushwa, mazulia yanapigwa uani, makabati yanavutwa mbali na ukuta, hata balbu zinafutwa. Hapo weka juu yake mgeni kutoka ofisi ya mkoa, anayekuja kutazama ukuta.

Jumamosi mchana walifunga duka, wakamwaga maji ya moto kwenye ndoo, wakatia sabuni na siki, wakaleta ngazi. Wiesława ndiye aliyepanda, na magoti yake mabovu, kwa sababu alisema Irmina ni mwoga na angeanguka kwenye mizani. Alianza na msichana wa mkate. Maji yaliyorudi kwenye ndoo yalikuwa ya kahawia.

"Yesu na Maria!" alisema. "Tazama uchafu huu! Miaka yote anapapasa na manyoya, kumbe anatandaza tu!"

"Dada Wiesia, si kama inafifia?" Irmina aliuliza kutoka chini.

"Ni moshi wa sigara unaotoka. Unakumbuka walivyokuwa wakivuta humu ndani? Lete maji mengine."

Walibadilisha maji mara nyingi. Walipofika kwa bibi wa makabichi, Irmina aliuliza tena. Wiesława alishuka, akarudi nyuma hadi kwenye mashine ya malipo, akatazama huku akijifuta mikono. Kisha akasema ikikauka itarudi. Nguo pia ikilowa haionyeshi rangi yake.

Jumatatu asubuhi niliingia kununua maziwa nikawakuta wanamsubiri, nywele zimetengenezwa, aproni zimepigwa wanga. Nilitazama juu. Nilifungua mdomo, na hapohapo mlango ukalia na Leokadia akaingia, amechoka na safari, kwenye begi lake majani ya kitunguu yanachungulia.

"Funga macho!" Wiesława alimshika mkono akamvuta katikati ya duka. "Taratibu. Haya, fungua!"

Alifungua. Ukuta ulikuwa mweupe, wenye mawimbi ya rangi iliyochuruzika. Mahali palipokuwa na watu palibaki madoa mepesi, kama yale yanayobaki kwenye kitambaa cha meza baada ya mvinyo kuoshwa. Chini ya madoa zilionekana sasa alama za mkaa za mchoraji, mkono aliouchora mara mbili, pembe ya ng'ombe aliyoihamisha.

Friji ya maziwa iliunguruma.

"Nani alipanda?" Leokadia aliuliza.

"Mimi," alisema Wiesława. Sauti yake ilikuwa imeanza kushuka.

"Na magoti hayo?"

"Nilijikaza."

"Ungevunjika nyonga, nawe," alisema Leokadia. "Mmechoka sana. Pamesafishika kweli." Akaenda ghalani, akafunga mlango, na tulimsikia akisogeza masanduku, kutoka upande mmoja kwenda mwingine, kisha akiyarudisha. Alipotoka alikuwa amefunga aproni. Aliuliza kama mayai yamehesabiwa.

Nilimwambia jioni ile tumzuie Bwana Olgierd asije. Alikataa. Mtu amealikwa, hafungiwi mlango.

Basi Jumatano alikuja, kijana mrefu mwenye kamera mbili shingoni na mafua. Walikuwa wamemtandikia meza ndogo karibu na mboga, keki ya jibini na kahawa kwenye glasi. Hakukaa. Alitembea chini ya ukuta mpaka mwisho, akarudi, akaweka kiganja juu ya lipu kama daktari anavyoweka juu ya kifua.

"Hapa pameoshwa," alisema. "Juzi tu. Nani ameosha?"

Niliona shingo ya Wiesława ikiwa nyekundu kuanzia kwenye kola.

"Mimi," alisema Leokadia. "Kwa ajili ya sikukuu."

Bwana Olgierd alimgeukia. Nadhani angekuwa mkali ingekuwa afadhali. "Bi Meneja," alisema, "mngeniachia hilo vumbi. Ningelipiga busu."

Alieleza kwa sauti ya chini. Taa na herufi ni nzuri, atazipiga picha, lakini taa na herufi za aina ile ziko bado katika maduka mengine, na tume ya ofisi yake haitasimamisha mauzo kwa ajili yake. Alichokuja kukitetea kilikuwa rangi. Kupaka upya kwa kufuata mkaa kungekuwa kazi ya mtu mwingine, si ya Teofil, na sheria haimpi uwezo wa kulinda kumbukumbu. Wakati wote huo Wiesława alikuwa anakata keki. Aliikata vipande, kisha vipande vya vipande, mpaka Irmina akamwondolea kisu. Mgeni alikula kipande kimoja, kwa sababu kwetu haiwezekani kuondoka bila kula, akapenga kamasi, akapanda basi la saa saba.

Mlango ulipofungwa tu, Wiesława alimfuata Leokadia kwenye kaunta ya mkate.

"Kwa nini umesema ni wewe?"

"Ningesema nini?"

"Ungesema ni Wiesława, yule mjinga wa soseji! Hilo ningelibeba. Hili la kunibebea, nitaliweka wapi?"

"Mlifanya kwa moyo mzuri."

"Usinipe moyo mzuri!" Alikuwa analia sasa, na wateja wawili walioingia walijifanya wanasoma maandishi kwenye pakiti za unga. "Miaka kumi na minane niko chini ya hilo paja la nguruwe. Miaka kumi na minane wewe uko juu ya ngazi na manyoya yako, na mimi nakutania, na wewe unacheka. Neno moja, Leokadia. 'Wiesia, hii ni rangi ya gundi, usiipelekee maji.' Ingekugharimu nini?"

Ilikuwa mara ya kwanza kusikia mtu dukani akimwita kwa jina lake. Leokadia alikuwa anapanga mikate, akiigeuza yote upande mmoja.

"Hakuna," alisema.

"Sasa kwa nini?"

"Nilitaka kuwe na kitu kimoja humu ambacho ni changu." Aligeuza mkate mwingine. "Duka la ushirika, nyumba ya kiwanda. Zenon naye alikuwa wa kila mtu, ulimjua. Nilipokuwa kule juu nilikuwa peke yangu, nikijua jambo ambalo ninyi hamlijui. Sikutaka kuligawa."

Wiesława alimtazama, akafuta uso kwa aproni, akarudi kwenye nyama. Mmoja wa wale wateja aliomba vipande kumi vya hemu, vyembamba. Alikatiwa vinene, akalipa bila kulalamika.

Mauzo yalipita mwezi wa Juni. Kampuni ilitoa tarehe ya kuchukua duka mwisho wa Agosti, na kwa kweli ilitimiza ilichoahidi. Wote watatu walipewa nafasi, na Irmina yuko pale hadi leo. Leokadia alichagua kustaafu mapema. Kati ya Pasaka na Agosti aliendelea kama kawaida, ila hakupanda tena ngazi, na nilipoingia nilimkuta mara nyingi amesimama mahali fulani katikati ya duka bila sababu, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichokifuata. Mimi pia nina langu ninalojiuliza. Nilikuwa nimejaza fomu ile kwa mkono wangu, kifungu cha "aina ya rangi" nikaandika "rangi ya gundi" kama alivyonitajia, nikapitisha karatasi ya kukaushia wino juu ya hayo maneno, na haikunijia kuuliza ni kina nani wengine wanaojua.

Jumamosi ya mwisho rafu zilikuwa tupu. Walikaa kwenye masanduku ya chupa, wakinywa chai, nami nikakaa nao. Herufi za mbao zilikuwa zimeshang'olewa na kulazwa sakafuni. Ukutani alama za mkaa zilionekana vizuri zaidi jua la mchana lilipoingia.

"Haya," alisema Wiesława. Alikuwa hajazungumza na Leokadia kwa wiki nyingi ila kuhusu mizani na bei. "Tufundishe sasa. Anza na huyo wa mkate."

Leokadia aliweka glasi chini. "Alitumia manjano ya udongo kwenye mikate," alisema. "Alitia na masizi kidogo kwenye maganda. Sketi ilikuwa kijani."

"Bluu," alisema Irmina.

"Kijani. Nilimshikia sufuria mwenyewe."

"Sawa. Na kitambaa?"

"Kitambaa kilikuwa chekundu," alisema Wiesława. "Chenye nukta."

"Nukta hazikuwepo, dada. Zile zilikuwa madoa ya nzi."

"Madoa ya nzi! Wewe ulikuwa umenipa mgongo siku zote, unahesabu chenji. Chekundu, chenye nukta nyeupe. Bi Meneja, mwambie."

Walimgeukia. Mimi nilikuwa na zile picha zangu kwenye mkoba, nikazitoa, tukazitazama sote wanne tukiwa tumekutanisha vichwa. Msichana alikuwepo, na mikate, na kitambaa, vyote vya rangi ya majivu. Nukta zilikuwepo, au nzi.

Leokadia aliinuka akaenda mpaka chini ya ukuta. Alisimama pale muda mrefu, shingo imeinuliwa, mkono mmoja umekaa hewani usawa wa bega.

"Sijui," alisema mwishowe. "Nilikuwa natazama vumbi tu."

"Basi ni chekundu," alisema Wiesława, lakini polepole, na Irmina hakubisha. Leokadia aliporudi walimsogezea sanduku katikati yao, akakaa, na Wiesława akamwongezea chai. Kisha wakaanza kubishana kuhusu ng'ombe.